Usiongeze Dozi Kabla ya Kupima: Mambo ya Kufanya na Kutofanya kwa Anayepima Upotevu wa Kontrasti

"Picha imefifia." Hakuna malalamiko yanayomfikia fundi wa vifaa tiba mara nyingi kama haya kutoka chumba cha eksirei, na hakuna yasiyomsaidia kitu kama haya. Imefifia wapi? Kwenye mionzi yenyewe, mwilini mwa mgonjwa, kwenye gridi, ndani ya intensifaya, au kwenye skrini iliyotazamana na dirisha? Kontrasti, yaani tofauti kati ya weupe wa mfupa na kijivu cha nyama inayouzunguka, ina mahali pengi pa kupotelea, na kila mahali pana kipimo chake. Asiyepima hubahatisha. Na katika kazi hii anayebahatisha huishia kuongeza dozi, na mgonjwa ndiye anayebeba.

Nawaandikia wateknolojia wa mionzi, mafundi wa vifaa tiba na wanafunzi wa fizikia tiba, hasa waliorithi ile mashine ya mkono wa C yenye intensifaya ya zamani, ambayo bado inasukumwa kuingia na kutoka chumba cha upasuaji ingawa detekta bapa zimeenea. Mwenye detekta bapa asiondoke, naye ana fungu lake huko chini. Sitabembeleza mtu.

USITIBU UKUNGU KWA DOZI

Hili ndilo katazo la kwanza, na ukilishika hili peke yake umeshawaokoa wengi.

Mionzi inayofika kwenye detekta ni ya aina mbili. Ya kwanza imepita mwilini moja kwa moja na ndiyo inayobeba picha. Ya pili imegonga tishu, ikapinda, ikafika mahali pasipoihusu. Hiyo ni mionzi tawanyifu, na haibebi habari yoyote ya maana. Inatandaza mwanga sawasawa juu ya kila kitu. Kontrasti inayobaki ni ile ya mwanzo mara sehemu ya mionzi nyoofu katika jumla yote. Kwenye tumbo la mtu mzima, bila gridi, mionzi tawanyifu inaweza kuwa mara nne ya mionzi nyoofu au hata zaidi. Ikiwa ni mara nne, basi kontrasti iliyobaki ni moja ya tano. Nne ya tano imekwenda kabla mashine yako haijatenda kosa lolote.

Sasa ongeza dozi mara mbili. Mionzi nyoofu imekuwa mara mbili, tawanyifu nayo mara mbili, na uwiano haujasogea. Ni kama chai iliyozidi maji: ukiongeza chai na maji kwa kipimo kilekile, kikombe kitajaa lakini rangi haitakolea. Wanasema dawa ya moto ni moto. Dawa ya ukungu si dozi.

Kinachopungua kwa dozi ni chenga, zile nukta zinazochezacheza kwenye picha kwa sababu fotoni zilizofika ni chache. Jifunze kutofautisha viwili hivi kwa macho kabla ya kushika kifaa chochote. Picha yenye chenga ni ya mchanga: kingo za mfupa zipo lakini zimechafuka. Picha yenye ukungu ni laini na ya kijivu, haina chenga, na weusi wake hauwi mweusi. Daktari wa upasuaji anayepaza sauti kwamba haioni ncha ya skrubu hatakuambia ni kipi kati ya hivyo. Hiyo si kazi yake. Ni yako.

USITUMIE MKONO WAKO, WALA MKONO WA MTU YEYOTE

Nasikia watu wakicheka wakisoma hapa. Wasicheke. Kipimo cha kwanza kabisa cha kontrasti katika historia ya eksirei kilikuwa mkono wa binadamu. Wilhelm Röntgen aligundua mionzi hii Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895, na Desemba hiyohiyo alipiga picha ya mkono wa mkewe, Anna Bertha. Miaka iliyofuata ikawa desturi: kila asubuhi, kabla ya kazi, mwendeshaji aliweka kiganja chake mbele ya mrija na kuangalia kama mifupa inatengana vizuri na nyama. Mrija "mgumu", wenye mionzi inayopenya mno, ulionyesha mifupa ya kijivu iliyopauka. Mrija "laini" ulionyesha mifupa myeusi iliyokolea kwenye kioo king'aacho. Kwa hiyo walikuwa wakipima kitu kilekile tunachokipima leo, ila dozimita yao ilikuwa ngozi.

Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison huko Marekani, alifanya kazi hiyo kwa mikono yake mpaka ikaungua, ikakatwa, naye akafariki mwaka 1904. Edison akaachana na majaribio ya eksirei. Heinrich Albers-Schönberg wa Hamburg, ambaye alibana mionzi kwa silinda ya risasi ili kupunguza utawanyiko na kupata kontrasti bora, yaani mmoja wa walioelewa tatizo letu mapema kuliko wote, alikatwa mkono na mwaka 1921 mionzi ikammaliza. Mwaka 1936 kilijengwa Hamburg mnara wa kumbukumbu ya watu wa namna hiyo. Siku ya uzinduzi ulikuwa na majina 169.

Kwa hiyo: hakuna kuweka kidole "mara moja tu kuangalia". Hakuna kumwita mhudumu apite mbele ya boriti. Na mgonjwa aliyelala mezani si kifaa cha majaribio. Kama huna fantomu, tengeneza ya maji: chombo cha plastiki chenye kina cha sentimita 20 kilichojaa maji kinatawanya mionzi karibu kama tumbo linavyotawanya, na hakiungui.

ANZA KWENYE SKRINI

Wengi huanza kwenye mrija, kwa sababu mrija una hadhi. Anza mwishoni mwa mnyororo. Ni rahisi, hakuna mionzi, na mara nyingi mkosaji yuko hapohapo.

Chukua skrini ambayo weupe wake ni kandela 200 kwa mita ya mraba na weusi wake ni nusu kandela. Uwiano ni 400 kwa 1. Sasa fungua pazia, mwanga wa nje uakisiwe juu ya kioo kwa kandela moja na nusu tu. Weupe unakuwa 201.5, weusi unakuwa 2. Uwiano umeshuka hadi kama 100 kwa 1. Robo tatu imepotea na hakuna aliyekanyaga pedali.

Fungua picha ya majaribio ya SMPTE au ile ya TG18-QC. Ndani yake kuna kisanduku cha asilimia 5 kilichowekwa kwenye weusi kamili, na cha asilimia 95 kwenye weupe kamili. Vyote viwili lazima vionekane kutoka mahali msomaji anapokaa, taa za chumba zikiwa kama zilivyo wakati wa kazi. Kisichoonekana, rekebisha skrini au zima taa. Chumba cha kusomea picha kinatosha kuwa na lux 25 hadi 75; ofisi ya kawaida ina mia kadhaa.

Futa kioo. Ndiyo, hata hilo ni agizo.

Na pale filamu zinapotumika bado, usisome filamu kwa kuinyanyua dirishani. Sanduku la mwanga lipo kwa sababu maalumu, na sehemu yake isiyofunikwa na filamu izibwe, maana mwanga unaopita pembeni unaliumiza jicho na kulinyima tofauti ndogo.

PIMA KILOVOLTI, USISOME TU NAMBA YA PANELI

Kalisi ya mfupa hunyonya mionzi kuliko nyama, lakini faida hiyo hushuka upesi sana nishati inapopanda: unyonyaji wa aina hii hupungua takriban kwa mchemraba wa nishati. Mashine iliyoandika kilovolti 70 na kutoa 80 inakula kontrasti kila siku, na hakuna atakayeilaumu, kwa sababu paneli inasema 70.

Mbaya zaidi ni kwa picha za mishipa. Dawa ya iodini ina mruko wake wa unyonyaji kwenye kiloelektronivolti 33.2, na bariamu kwenye 37.4. Karibu na kilovolti 70 fotoni nyingi zinaangukia juu kidogo ya mruko wa iodini, na mshipa unaonekana kama umechorwa kwa wino. Mgonjwa akiwa mnene, udhibiti wa otomatiki wa mwangaza unasukuma kilovolti hadi 100 na kuendelea, na mshipa uleule unapauka. Watu wakasema dawa ni feki. Angalia kilovolti kwanza, ndipo umseme mfamasia.

Pima pia unene wa alumini unaokata mionzi nusu. Kwa mashine za sasa, kwenye kilovolti 80 haufai kuwa chini ya milimita 2.9. Ukipungua, mionzi dhaifu inamwishia mgonjwa ngozini bila kuchangia picha. Ukizidi mno, mrija umechakaa na tangsteni imejipaka ndani ya kioo chake, au kuna mtu aliongeza kichujio na hakuandika popote. Muulize.

USILAUMU GRIDI BILA KUIPIMA, WALA USIISIFU

Gridi ni ya Gustav Bucky, Berlin, 1913. Hollis Potter wa Chicago ndiye aliyeifanya isogee wakati wa picha ili vipande vyake vya risasi visionekane. Zaidi ya karne imepita na bado naona gridi zimewekwa kichwa chini. Gridi ya fokasi iliyogeuzwa huacha mstari mweusi katikati na kukata mionzi pande zote mbili, zikabaki nyeupe. Ukiona picha ya kifua yenye umbo hilo, usiite fundi. Igeuze. Halafu soma umbali ulioandikwa juu yake: gridi ya sentimita 100 haifanyi kazi kwenye stendi ya kifua ya sentimita 180.

Kupima mionzi tawanyifu kunahitaji saa moja na vifaa vya bei ya nauli. Weka fantomu ya maji au ya akriliki ya sentimita 20. Kata diski za risasi zenye unene wa milimita 3, kipenyo milimita 4, 6, 8, 12 na 16, uzibandike juu ya fantomu upande wa mrija. Chini ya diski mionzi nyoofu haifiki, kwa hiyo chochote unachosoma hapo kimetawanywa. Diski kubwa inazuia na sehemu ya utawanyiko wenyewe, ndiyo maana zinahitajika nyingi: chora grafu ya thamani dhidi ya kipenyo, kisha vuta mstari hadi kipenyo sifuri. Usiendelee kupunguza diski mpaka iwe punje ya mtama. Ikifika hapo utiaji ukungu wa fokasi unakijaza kivuli chake na namba inakudanganya.

Tuseme nje ya diski umesoma 500, na mstari umekufikisha 400 kwenye sifuri. Utawanyiko ni asilimia 80, kontrasti iliyobaki ni asilimia 20. Rudisha gridi, rudia. Sasa utawanyiko ni asilimia 40, iliyobaki ni 60. Gridi yako inarudisha kontrasti mara tatu: hiyo inatosha kulipia dozi ya ziada inayoidai. Gridi inayorudisha mara moja na robo huku ikitaka dozi mara tatu, itoe.

Kolimata ifungwe hadi eneo linalotakiwa tu. Hakuna gridi, programu wala maombi yanayoshinda eneo dogo.

DISKI YA RISASI: HAPA NDIPO PENYE KAZI

Nimefika kwenye sababu ya kuandika orodha hii. Intensifaya ni chupa ya ombwe. Mionzi inagonga fuwele za sizi-iodaidi kwenye uso wake, fuwele zinatoa mwanga, mwanga unatoa elektroni, elektroni zinavutwa kwa volti 25,000 hadi 35,000 na kugonga kioo kidogo cha nyuma kinachong'aa mara maelfu. Kila hatua inamwaga kidogo pembeni: mionzi inatawanyika kwenye dirisha la mbele, elektroni zinarudi nyuma, na zaidi ya yote mwanga unarukaruka ndani ya kioo cha nyuma na kwenye lenzi. Jumla yake ni ukungu wa nuru, na ukungu huo hauna uhusiano wowote na mgonjwa. Ungekuwepo hata chumba kikiwa kitupu. Ndiyo maana lazima upimwe peke yake.

Njia imewekwa katika kiwango cha IEC 61262-6 cha mwaka 1994, na msingi wake ni mwepesi kueleza: ziba katikati ya uso kwa diski ya risasi inayofunika asilimia 10 ya eneo, kisha ulinganishe mwangaza wa katikati bila diski na ukiwa na diski. Asilimia 10 ya eneo ni kipenyo cha asilimia 31.6. Kwa uso wa sentimita 23, diski ni ya sentimita 7.3. Kwa sentimita 15, ni 4.7. Kwa 30, ni 9.5. Usikadirie kwa macho.

Diski iwe na unene wa milimita 3. Kwenye kilovolti 100 unene huo hupitisha chini ya moja kwa elfu ya boriti ya kawaida, kwa hiyo mwanga utakaouona katikati ya kivuli si mionzi iliyopenya. Karatasi ya aproni iliyokunjwa haifai.

Gridi itoke. Fantomu isiwepo. Kichujio cha alumini cha milimita 21 au shaba ya milimita moja au mbili kikae kwenye mrija, mbali na intensifaya, ili utawanyiko wake mwenyewe usifike. Kolimata iwe wazi hadi uso mzima uangazwe. Diski ikae juu ya uso wa intensifaya, katikati kabisa. Kwa mkono wa C ambao intensifaya iko juu, ama igeuze, ama uibandike diski kwa utepe imara, maana risasi ya sentimita 7 ikidondoka haichagui pa kuangukia. Vaa aproni.

Sasa makosa. Nimeyapanga kwa jinsi yanavyoharibu.

La kwanza, na ndilo linaloua vipimo vingi: kuacha udhibiti wa otomatiki wa mwangaza ukifanya kazi. Ukiweka diski katikati, mashine inaona giza, inadhani mgonjwa amenenepa ghafla, inapandisha kilovolti na miliampia hadi mwisho. Kivuli kinang'aa. Unaandika kwamba intensifaya imekufa, na hospitali inatafuta mamilioni ya kununua nyingine. Weka kilovolti na miliampia kwa mkono. Mashine isiyo na hali ya mkono huwa na kitufe cha kufunga thamani: piga bila diski, funga, kisha weka diski. Isiyo na vyote viwili haipimiki kwa njia hii, na useme hivyo kwenye ripoti.

La pili ni kusahau kutoa giza. Mifumo mingi ya video haianzi sifuri. Weusi wake unaanzia 16. Bila diski umesoma 216, ukiwa na diski 26. Mvivu anagawa na kupata 8.3 kwa 1. Piga picha ya giza, fluoroskopi ikiwa imezimwa, upate hiyo 16, uitoe kila upande: 200 gawanya kwa 10, uwiano ni 20 kwa 1. Mashine ni ileile. Moja ya ripoti hizo ingeipeleka jalalani.

La tatu ni kuamini kwamba kamera ni nyoofu, yaani mwanga ukiwa mara mbili namba nayo inakuwa mara mbili. Vidikoni za zamani haziko hivyo. Shikilia kilovolti, panda miliampia moja, mbili, nne, uone. Kama namba hazifuati, chora mkunjo wake kwanza na urekebishe kila usomaji kwa mkunjo huo. Kunoa kingo na kila urembo mwingine wa picha, zima.

Mengine ni madogo. Usilinganishe uwiano wa uso wa sentimita 23 na wa 15, ni mashine mbili ndani ya chupa moja. Usipime mashine imewashwa sasa hivi. Usisome nukta moja; chukua wastani wa duara dogo katikati.

Intensifaya nyingi zikiwa mpya hutoa uwiano kati ya 15 na 30 kwa 1. Lakini namba ya kwanza unayoihitaji ni ya mashine yako mwenyewe siku ilipofungwa. Kama hakuna aliyeipima siku hiyo, ya leo ndiyo mwanzo wako.

UWIANO UKISHUKA, USIFUNGUE CHUPA

Ndani yake kuna ombwe na volti elfu thelathini. Chupa hiyo ikipasuka hupasukia ndani na vioo vyake hurudi nje. Fundi mwenye mafunzo ya mashine hiyo pekee ndiye anayegusa kifuniko.

Unachoweza kufanya ni kufikiri. Uwiano umeshuka lakini mwangaza haujapungua? Shuku lenzi na kioo cha nyuma: vumbi, mafuta ya vidole, na kwa sisi wa pwani, kuvu. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja zina joto na unyevu ambao kuvu wa lenzi anaupenda kuliko kitu chochote, na chumba ambacho kiyoyozi chake huzimwa kila jioni ili kubana umeme ni shamba lake. Kusafisha lenzi ni kazi ya fundi kwa siku moja. Mwangaza nao umeshuka, na mashine inadai dozi kubwa mwaka hadi mwaka kwa fantomu ileile? Hapo chupa imezeeka.

Hospitali nyingi hubadilisha mashine nzima kwa tatizo la kwanza na kuvumilia la pili miaka mingi. Ni kinyume kabisa cha inavyotakiwa.

MWENYE DETEKTA BAPA

Usijivune. Ukungu wa detekta bapa ni mdogo sana, asilimia chache tu, unaotokana na mwanga kusambaa kwenye fuwele na mionzi kurudi kutoka vifaa vya nyuma. Balaa lako ni lingine: kompyuta inaficha upotevu. Picha iliyopoteza kontrasti kwa utawanyiko inanyooshwa na programu mpaka ionekane nzuri, na pamoja nayo zinanyooshwa chenga.

Kwa hiyo usipime kwenye picha iliyochakatwa. Dai picha ghafi. Muuzaji akikwambia haitoki, mwambie suala hilo lirejeshwe kwenye majadiliano ya mkataba wa matengenezo, kwa sababu bila picha ghafi hujui unanunua nini. Weka kipande cha alumini cha milimita 2 juu ya fantomu, soma wastani ndani na nje ya kivuli chake, na mtawanyo wa thamani za pikseli nje. Ndani 960, nje 1,000, mtawanyo 10: tofauti ya 40 gawanya kwa 10 ni 4. Mwaka ujao tofauti ikiwa bado 40 na mtawanyo 20, umebaki na 2, hata kama skrini inakuonyesha picha ya kupendeza.

Halafu fuatilia namba ya mkengeuko wa dozi ambayo mashine za kisasa huandika. Sifuri ni lengo; chanya 3 ni dozi mara mbili ya lengo; hasi 3 ni nusu yake. Katika picha za dijitali hakuna filamu nyeusi ya kukuonya kwamba umezidisha. Picha inazidi kupendeza, na kila mtu anasogea polepole kuelekea chanya.

ANDIKA

Tarehe, kilovolti, miliampia, kichujio, umbali, ukubwa wa uso, diski ipi, giza ngapi, na jina la aliyepima. Kipimo kisicho na hali zake hakirudiwi, na kisichorudiwa hakimsaidii atakayekuja baada yako. Usiandike "nzuri". Usiandike "inaridhisha". Andika 20 kwa 1.

Tanzania, mashine ya eksirei haitumiki kisheria bila leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Kenya kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia chini ya sheria ya 2019. Usingoje mkaguzi ndipo utafute daftari. Mkaguzi anakuja kwa ratiba yake, chupa inazeeka kila siku.

Hakuna sheria ninayoijua inayokutaja wewe kwa jina kuhusu lini intensifaya istaafu, kwa hiyo nakupa msimamo wangu: uwiano ukishuka chini ya nusu ya ule wa mwanzo, na lenzi zimeshasafishwa, na skrini, kilovolti na gridi umezipima na hazina kosa, mashine hiyo haifai tena kwa kazi ya skrubu za nyonga na uti wa mgongo. Iandikie ripoti yenye namba, isaini, ipeleke kwa mganga mfawidhi, na ubaki na nakala. Na kama bado kuna mtu atakayekuambia uongeze dozi kidogo ili mwezi upite, mwonyeshe hesabu ya uwiano na umkatalie.